Kitambaa cha Sagesse

Beni, commune ya Ruwenzori, 11 Machi 2024

Mama Berthe Kasonia,

Salamu zangu si nyingi. Barua hii anakuletea Lévi, dereva wa basi la Butembo, nami nimemwambia aiweke mikononi mwako, asimpe mtu mwingine hata akiambiwa umelala. Sikutaka kukupigia. Nimeulizia, nikaambiwa simu yako hushikwa kwanza na Élisée, mtoto uliyemlea.

Mimi ni Solange Maliro, binti wa Mama Godelive, yule aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na soko kuu la Butembo. Najua hapo umeketi. Keti vizuri, bado sijaanza.

Tarehe 14 Mei mwaka jana, Sagesse, mdogo wake Élisée, alipigwa risasi kwenye maandamano ya vijana. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na risasi ile mpaka leo hakuna aliyekubali kuwa ni yake. Jioni ile ile Élisée akatangaza ville morte kwenye TikTok: kesho mji wote ufunge, asiuze mtu hata kiberiti, mpaka mtoto azikwe. Mama yangu alifunga kama wengine. Lakini asubuhi na mapema aliinua mlango wa chuma kimo cha goti, akatoa kifurushi, akafunga tena. Mtu akamchukua video kutoka ng'ambo ya barabara.

Video hiyo ina sekunde thelathini na moja. Uso wa mama yangu unaonekana wote, na nje unaonekana mkono mmoja tu ukipokea. Juu yake imewekwa sauti ya Élisée: "Muangalie huyu mama. Siye tunalia, ye anauzisha. Mumujue sura." Basi watu wakamjua. Saa sita mchana duka lilikuwa halina mlango, vitambaa vinaungua mtaroni, na kioo kimeingia jicho la kushoto la mama. Jicho hilo halioni tena.

Nilimleta huku Beni nikidhani video haitatufuata. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita. Wanafunzi wangu wenyewe waliniletea video kwenye simu ya baba yao, wakicheka, hawajui ni mama yangu. Watoto wa jirani humwimbia akienda bombani: "Mama wa ville morte, funga duka."

Miezi kumi nimemuuliza alimpa nani kile kifurushi. Alinyamaza kwa sababu alikuwa ameahidi. Juma lililopita alishikwa na homa, akasema. Kilikuwa kitambaa cheupe cha kutandika ndani ya sanduku la kuzikia Sagesse, na aliyekuja kukichukua ni wewe.

Kwa hiyo Élisée alimchoma mama aliyemtandikia ndugu yake. Nataka aseme hivyo kwa mdomo wake, kwenye ukurasa wake ule ule, kabla ya ukumbusho wa tarehe 15 Mei. Mwambie wewe. Ukishindwa nitamwambia mimi, na mimi sitasema kwa upole.

Solange Maliro

*

Butembo, 19 Machi 2024

Kwa Solange,

Nimepata karatasi yako. Pole kwa ugonjwa wa mama. Homa huwasemesha watu mengi.

Mimi simfahamu mama yako zaidi ya kumpita sokoni. Siku ile nilikuwa ndani na maiti ya mtoto wangu, sikutoka hata mlangoni. Sanduku lilitandikwa na wamama wa parokia, wao ndio wanajua walitoa wapi kitambaa. Nakusihi usiweke jina la nyumba yangu katika mambo haya. Élisée ndiye aliyebaki. Watoto wawili wa marehemu dada yangu niliwalea kwa jembe, mmoja yuko kaburini.

Tena, binti, kumpa mtu mita nne za kitambaa bila malipo ni jambo jema, lakini sheria ya siku ile ilikuwa ya wote. Mama yako angeweza kukataa.

Mungu akutulize.

Mama Berthe

*

Beni, 27 Machi 2024

Mama Berthe,

Nimesoma barua yako mara moja tu, imetosha. Mimi sikukuandikia kwamba ni mita nne. Sikukuandikia pia kwamba mama alikataa malipo. Umejuaje, wewe ambaye hukutoka hata mlangoni?

Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa ya Élisée. Sasa na wewe una sehemu yako. Unasema mama angeweza kukataa! Angekataa, mtoto wenu angelala juu ya mbao zenye misumari, maana seremala hutoa mbao tu na mengine ni kazi ya wamama. Ulijua hivyo ulipokuja kugonga.

Nikwambie ninachokitaka, tusidanganyane kwa maneno ya kanisani. Sitafuti amani. Nataka wale vijana aliowafundisha kurusha mawe waje kwenye uzio wake. Nataka asikie kelele zile kwa ndani, pale mtu anapokuwa ndani. Nataka watoto wasiomjua wamwimbie njiani. Nafundisha watoto catéchisme kanisani Jumamosi, na nikirudi nyumbani nawaza mambo haya mpaka chakula kinaungua.

Niandikie ukweli, kwa kalamu yako, kila kitu tangu ulipotoka nyumbani. Ukiniandikia vizuri, huenda nikapunguza.

Solange

*

Butembo, 6 Aprili 2024

Mwanangu Solange,

Nimekaa siku tisa na karatasi yako chini ya godoro. Leo Élisée amekwenda Lubero kwenye mkutano wa vijana, naandika.

Ni mimi. Siku ile kulipopambazuka sanduku lilikuwa limefika, tupu ndani. Maduka yote yamefungwa kwa amri ya mtoto wangu mwenyewe, na mimi sikuwa na shuka hata moja nyeupe isiyotoboka. Nilipita njia ya nyuma ya shule nikagonga kwa mama yako, kwa sababu aliishi pale pale dukani. Aliuliza, "Ni ya nani?" Nikamwambia ni ya Sagesse wetu. Akasema, "Ngoja, mama. Mutoto hawezi kulala juu ya mbao tupu." Alipima bila mkasi kulia, akachana kwa meno, akaongeza kipande cha kulalia kichwa. Nilipotoa malipo aliufumba mkono wangu. Mimi ndiye niliyemwomba asiseme kwa mtu. Alikubali, na ameshika neno lake kuliko mimi nilivyostahili.

Saa nne wageni wa kilio walianza kupitishiana simu. Walinionyesha na mimi, pembeni ya sanduku, Sagesse amelala ndani ya kitambaa kile kile. Nikaona mkono wangu. Kidole cha pili hakina kucha, niliipoteza kwenye kinu zamani. Watu walisema huyu mama apigwe, nami nikasema ndiyo, apigwe. Nilisema, Solange. Niliogopa wakitazama kimya changu wataniuliza.

Élisée hakujua, nakuapia. Yeye alitumiwa video na mwenzake, akaweka sauti, akili yake ilikuwa imeharibika kwa kilio. Leo ikijulikana kwamba nyumba yake ndiyo iliyovunja ville morte, vijana wake watamla mzima. Nihukumu mimi. Yeye muache.

Mama yako mdogo, ukikubali kuniita hivyo,
Berthe

*

Beni, 15 Aprili 2024

Mama Berthe,

Sikubali kukuita hivyo.

Asante kwa barua. Umeandika vizuri, mwandiko unasomeka, umeweka tarehe na jina. Unadhani kwa nini nilitaka karatasi? Sauti ya simu Élisée angesema ni ya kutengenezwa. Maneno ya mama yangu angesema ni ya homa. Lakini mwandiko wa aliyemlea atasema nini?

Tarehe 15 Mei, wakati wamejaa kwenye ukumbusho na fulana zao nyeupe zenye sura ya Sagesse na jina la Élisée mgongoni, nitaiweka barua yako kwenye TikTok, ukurasa kwa ukurasa. Nina wafuasi kumi na mmoja tu, lakini video ya mama yangu nayo ilianza kwa mtu mmoja. Nimeshajaribu kuisoma kwa sauti mbele ya kioo. Pale uliposema "apigwe" nitasoma polepole.

Unaniomba nimwache yeye nikuhukumu wewe. Nina nafasi ya wote wawili.

Solange

*

Butembo, 24 Aprili 2024

Solange,

Nimemwambia. Nilimpa na barua yako asome. Alishika kichwa, akakaa chini kwenye saruji, akasema, "Mama mudogo, sikujua. Naapa mbele ya Sagesse, sikujua." Alilia mpaka nikamhurumia kuliko siku ya kuzika.

Anaomba muda. Anasema atakuandikia mwenyewe na atatafuta namna ya kumsafisha mama yako. Nakuomba umsikilize. Hilo tu.

Berthe

*

Butembo, 2 Mei 2024

Mademoiselle Solange,

Naandika kwa mkono, maana simu zetu sisi wanaharakati zinasikilizwa na kila mtu, na wewe umeonyesha kuwa unapenda karatasi.

Tuongee kama watu wazima. Unashika barua ya mama yangu mdogo na unadhani umenishika mimi. Hujanishika. Video niliyotumiwa siku ile haikuwa ya sekunde thelathini na moja. Ilikuwa ya hamsini na mbili. Katika zile ishirini na moja nilizokata, mama mdogo anageuka, uso wake wote unaonekana, na kifurushi kiko kifuani. Yote ninayo bado.

Ndiyo, nilimwona. Unafikiri siwezi kuujua mkono ulionilisha? Nilielewa alichofuata pale, kwa kuwa nilikuwa nimeliona sanduku tupu usiku wa kuamkia siku ile. Lakini saa tatu asubuhi walinipigia simu kwamba barabara ya Beni wanaanza kufungua, mmoja leo, mwingine baadaye, kila mtu na sababu yake. Nilikuwa na maiti ya mdogo wangu chumbani na mji unataka kuuza sukari! Ilihitajika sura moja ili wengine waogope. Ya mama mdogo nisingeweza. Ilibaki ya mama yako. Mpaka mchana mji wote ulifunga, na Sagesse alizikwa kwa heshima. Sikuwaambia wavunje. Nilisema wamjue sura tu.

Sasa, ukiweka barua ya mama mdogo, mimi nitaweka sekunde zote hamsini na mbili. Nitalia mbele ya simu, niseme mama mdogo alinificha, nilidanganywa nyumbani kwangu. Watu wataniamini, wamenizoea. Mawe yatamwendea yeye. Ana miaka sitini na tatu. Fikiri kama ndivyo unavyotaka.

Badala yake nakupendekezea hivi: tarehe 15 nitasema jina la mama yako kati ya wamama walioumia katika mapambano, bila maelezo. Ni heshima. Wewe unachoma karatasi hiyo, na hii yangu pia.

Élisée

*

Beni, 6 Mei 2024

Mama Berthe,

Pamoja na barua hii kuna nyingine, ya Élisée. Ni ile ile aliyoniandikia, si nakala. Utaujua mwandiko, uliufundisha wewe.

Nilipoipata nilicheka peke yangu, mama akauliza nini. Miezi miwili nimebeba ukweli nikidhani ni jiwe la kumpiga, kumbe yeye alikuwa nao siku nyingi kuliko mimi, amejengea jina lake juu yake. Na wewe ulikuwa unamlinda na ukweli alioukata yeye kwa mkono wake.

Ningeweza kuiweka kwenye TikTok. Ningepata watu wengi. Lakini angesema ni ya kutengenezwa, nusu wangemwamini, na ningekuwa nimemwonyesha kila mtu isipokuwa wewe, mtu pekee anayeweza kumuuma. Soma pale anaposema mawe yatakwendea wewe. Soma pale alipohesabu miaka yako.

Usinishukuru. Sikutumii hii kwa ajili ya wema wako. Naituma kwa sababu ndiyo njia niliyoona itamfikia ndani kabisa, na inapitia kwako. Ukitaka kuichoma, choma. Nitajua kwamba umechagua.

Solange

*

Butembo, 16 Mei 2024

Solange,

Nimesoma. Niliisoma tena jikoni, halafu nikampikia chakula cha jioni, akala. Siku tisa nimemtazama akila. Alikuwa akiniambia kila siku, "Usiogope, mama mudogo, yule msichana nimemuweka sawa."

Jana tulikwenda kwenye ukumbusho. Vijana walikuwa wengi, fulana nyeupe kila upande, simu juu. Alinitambulisha kama mama wa shujaa, akanipa kipaza sauti niombe sala. Nikasema hivi, nakuandikia kama nilivyosema: "Kitambaa ya sanduku ya Sagesse nilikamata kwa mama Godelive, asubui ya ville morte. Ule mukono munaonaka mu video ni wangu, muangalie, kidole haina kucha. Mama Godelive hakuuzisha, alinipa bure. Na huyu Élisée alijua. Alikata sura yangu, akabakisha ya mwenzangu." Halafu nikasoma barua yake yote, mstari kwa mstari.

Aliwaambia wazime simu. Hakuna aliyezima, yeye ndiye aliyewafundisha kutozima. Nilingoja mawe, nilikuwa nimeyakubali, ni haki yangu kwa lile neno nililosema kwenye kilio. Hayakuja. Msichana mmoja wa mbele alivua fulana aliyoivaa juu ya gauni, akaikunja, akaiweka chini miguuni mwa Élisée. Wengine wakafuata, wengine wakaondoka nazo mwilini bila kumtazama. Hawakumpiga, hawakumtukana. Mwishoni alibaki yeye na kipaza sauti kikipiga kelele.

Najua ulitaka uzio uvunjwe. Hukupata hilo.

Kesho nitapanda basi la Lévi. Nataka kupiga magoti mbele ya mama yako. Akinifukuza nitalala stendi nirudi Jumapili.

Berthe

*

Beni, commune ya Ruwenzori, 30 Juni 2024

Élisée,

Nimepata barua zako tatu. Sikujibu ya kwanza na ya pili kwa makusudi. Nilikuwa nazisoma.

Unaandika kwamba ukurasa umeufunga, kwamba ukiingia kwenye gari watu wanahama kiti, na kwamba hulali. Vizuri. Huku kwetu watoto hawaimbi tena. Wazazi wawili walikuja kuomba msamaha kwa mama, wamemletea ndizi. Video ya mama yako mdogo akisema kwenye ukumbusho nilitaka kumwonyesha mama, akakataa kuitazama. Alisema jicho lililobaki analitunza kwa vitu vingine. Kwa hiyo usifikiri kwamba nimekusamehe kwa niaba ya mtu. Jicho halijarudi, na mimi bado nakuwaza chakula kikiwa motoni.

Mara tatu umeniuliza swali moja tu. Mama mdogo yuko wapi, anakula, anaumwa, atarudi lini nyumbani, kwamba huna mtu mwingine duniani. Umeandika kwamba ukijua tu alipo utakuja kwa miguu.

Yuko hapa. Analala chumba kimoja na mama. Hawaongei sana; mchana wanachambua maharage, jioni wanasali rozari. Anakula vizuri. Jumatano nilimsomea barua yako ya tatu mpaka mwisho, pamoja na pale palipoloana. Alisikiliza huku anachambua, kisha akaniomba nikujibu kwamba hayuko hapa na kwamba sijui alikokwenda.

Ningeweza kukuandikia hivyo. Ungemtafuta Kasindi, ungemtafuta Mabalako, ungekuwa na matumaini. Mimi nimeona afadhali ujue kwamba yuko, na kwamba ni yeye aliyeniomba.

Solange Maliro